Kabla ya Rangi: Miaka Yangu ya Msasa Kisauni

Siku mliyoniaga mlinipa keki, chupa ya chai na kiti cha plastiki cha kupumzikia, kisha mkasema, "Mama, tupe neno." Nikasimama, nikasema asanteni, nikaketi. Mlipiga makofi sana, nadhani kwa sababu hotuba ilikuwa fupi. Lakini tangu siku hiyo neno limenikaa kooni, na kwa kuwa sasa sina gari la kusugua, nimechukua daftari la mjukuu wangu, upande ambao hajauandika, niwaandikie nyinyi mliobaki gereji.

Sitawaambia nilianza na mshahara gani wala niliishia na upi. Nataka kuandika juu ya kazi yenyewe, na hasa ile sehemu ambayo hakuna anayeipiga picha. Mteja akija kuchukua gari lake humsifu mpiga rangi. Lakini rangi hupigwa kwa muda wa kuchemsha sufuria ya maharagwe. Kuliandaa gari mpaka liikubali hiyo rangi ni siku nne, tano, na kama bodi ina kutu ni wiki nzima. Maisha yangu ya kazi yalipita ndani ya hizo siku nne.

Nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na minane na watoto wawili, kuja kuosha magari. Gereji ilikuwa ya Bwana Kilonzo, Mkamba aliyeshuka Pwani na sanduku la spana akaishia kuwa na ua wake kando ya barabara ya Malindi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sheria moja tu: kinachofanya kazi kinabaki, kisichofanya kazi kinatoka nje ya geti, kiwe jeki au kiwe mtu. Mpiga rangi wake alikuwa Fundi Mbwana, mzee wa Kimvita, mrefu, mwenye viganja vipana kupita mwili wake. Kofia yake ya kiua haikuwahi kupata tone la rangi miaka yote niliyomjua, na jambo hilo mpaka leo sijalielewa. Mungu amrehemu.

Wasugua msasa hawakuwa wakikaa kwake. Walikuja wanaume wenye nguvu zao, wakasugua siku mbili, wakaona vidole vimekunjamana kwa maji, wakahamia kwa makanika ambako angalau mtu hupata kulala chini ya gari. Asubuhi moja nilikuwa nikiosha mlango, nikahisi mtu amesimama nyuma yangu.

"Mwanangu, waitwaje?"

"Sidi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona waosha pembe za ndani za mlango? Hapana azionaye."

"Lakini uchafu uko huko."

Akaguna, akaondoka. Jioni hiyo alimwambia Kilonzo anitoe kwenye ndoo ya kuoshea, anitie kwenye ndoo ya msasa.

Siku ya kwanza alinipa mlango wa gari lililokufa, karatasi ya msasa, kibao cha kuuzungushia, na ndoo ya maji yenye sabuni kidogo. Akasema sugua, akaenda zake. Nilisugua siku tatu. Ya tatu nikauona mlango umenyooka, nikajisifu moyoni. Fundi akaupiga rangi nyeusi tabaka moja, na papo hapo kila mkwaruzo niliouacha ukajitokeza, na katikati kukawa na bonde la kutosha kuwekea andazi.

"Waona?" akasema. "Watu hudhani rangi yaficha. Rangi haifichi kitu, mwanangu. Rangi yasema."

Kisha akanipa mlango mwingine.

Nitaweka hapa mambo machache ya kazi, maana siku hizi kila wiki huja mtu aliyeona kwenye simu gari likipigwa rangi kwa dakika tatu na muziki juu yake, naye ameamua kulipiga lake mwenyewe nyumbani. Sina ubaya na watu hao. Gari ni lao, na kusugua ni afya. Lakini hakuna apakaye poda kabla ya kuoga. Osha gari kwanza kwa sabuni na maji mengi, chini ya madigadi na kwenye mikunjo ya milango, maana upepo wa huku una chumvi. Likikauka, futa mafuta, ndipo ushike msasa. Ukisugua gari chafu, uchafu unauingiza ndani ya bodi. Kutu iondoe mpaka uone chuma cheupe. Ukiifunika kwa fila, ule udongo wa kuzibia mabonde, itatoka baada ya masika, na itatoka na kipande. Anza na msasa mkali, shuka polepole hadi laini, usiruke namba, na namba ikipanda msasa hulainika. Na kibao ukivike msasa, kwa sababu vidole vitupu huchimba mifereji. Siku ya kupiga rangi, nyunyizia ua maji ili vumbi litulie, kisha subiri jua liumalize unyevu wa asubuhi. Rangi ikikutana na unyevu hupauka kama iliyomwagiwa maziwa.

Mwalimu mmoja wa Kiembeni hakuyajua hayo. Alilisugua gari lake lote kwa msasa wa namba themanini, ule wa kuondolea kutu, kwa sababu uliimaliza kazi upesi. Rangi ilipokauka gari lilikuwa na mistari kama shamba lililotifuliwa. Akatuletea akiwa ameinamisha kichwa. Sisi tulikuwa tumeshaanza kucheka. Fundi Mbwana akatutazama mara moja, tukanyamaza. Akamwambia mwalimu, "Mkono ulioharibu ndio utakaotengeneza. Ndoo kesho asubuhi na nguo kuukuu." Kwao Wamvita ndoo ni njoo, na mwalimu alikuja likizo nzima, akasugua nasi bega kwa bega, na siku alipoliendesha gari lake kutoka nje ya geti alipiga honi mpaka akafika kona. Fundi hakuwa akimtoa mtu makosa kwa kumtia aibu, na hilo mliweke akilini mnaposoma yafuatayo.

Sasa nije kwenye kiganja. Kazi ya msasa haiangaliwi, inaguswa. Fundi alinipa kipande cha leso kuukuu, kilicholainika kwa kufuliwa, akaniambia nikiweke kati ya mkono na bodi, nifumbe macho, nipitishe mkono polepole kutoka mbele kwenda nyuma, vidole vimelala. "Mato hudanganywa na mwangaza," akasema. "Kiganja hakina wa kukidanganya." Miezi ya mwanzo sikuhisi chochote ila baridi ya chuma. Halafu siku moja, kwenye madigadi ya teksi, nikahisi mwinuko mwembamba kuliko karatasi. Nikamwita. Akaweka mkono wake palepale, akacheka kwa furaha. Sikumbuki kusifiwa hivyo tena, na wala sikuhitaji.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi nasugua, Fundi anapitisha kiganja, na akiridhika anasema, "Tayari." Hakuna gari lililokwenda kwenye rangi bila neno hilo. Wenye gereji nyingine, mpaka wa Changamwe, walikuwa wakileta milango yao Kisauni ili Fundi Mbwana aiguse tu. Hakuwa na shamba wala nyumba ya kupangisha. Alikuwa na jina, na jina lake lilikuwa kwenye kile kiganja.

Miaka kadhaa baadaye lilikuja gari la mama mmoja wa Nyali, la kurudiwa rangi nyeusi. Nyeupe husamehe, nyeusi haisamehe. Fundi akapitisha kiganja kwenye mlango wa nyuma, akasema tayari, akaenda kutawadha kwa sala ya adhuhuri. Nikapita na kitambaa kufuta vumbi, na chini ya kitambaa nikahisi wimbi. Halikuwa dogo. Nilidhani ananijaribu kama zamani, nikamsubiri arudi anitanie. Alirudi, akaanza kuchanganya rangi. Nikamwambia nimeumwagia mlango chai, anipe nafasi niupitie tena. Akasema haya.

Wiki hiyohiyo alikuwa akikata bati la kuzibia tundu la kutu karibu na ndoo yangu. Nikaona maji yanakuwa mekundu.

"Damu hino ya nani?" akauliza, akinitazama mikono yangu kwa wasiwasi.

Ilikuwa yake. Kidole cha shahada kilikuwa kimepasuka hadi ndani, naye hakuwa na habari. Tukatazamana. Akautia mkono mfukoni, akaenda kutafuta kitambaa, na hatukulizungumza tena. Hospitali waliita sukari. Yeye aliita thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwa miaka yote aliyoinawa kwa mikono mitupu. Nadhani wote walisema kweli. Vaeni glavu. Najua zinabana na zinatoa jasho. Vaeni tu.

Siku chache baada ya hapo Kilonzo akamwondoa fundi wa kunyoosha bodi aliyeanza kutetemeka mikono. Alituambia wazi, akiwa anakula muhogo: "Mimi siwezi weka mtu hapa juu ya huruma. Mteja halipi huruma." Nikatazama upande wa Fundi Mbwana. Alikuwa akikunja magazeti ya kufunikia vioo, polepole, akiangalia kila mkunjo kwa macho, kwa kuwa vidole havikumwambia kitu. Moyo wangu uliuma. Mtu huyu alinitoa kwenye matope ya kuosha magari akanipa ufundi. Nilijua likijulikana atatoka nje ya lile geti, na akitoka hatakuwa na pa kwenda na mikono ile.

Nikaamua. Kuanzia hapo, kila akisema tayari, mimi niliitika, "Haya, Fundi." Akienda msikitini, nilifumba macho, nikalipitia gari lote upya, nikasugua kilichobaki, nikalifuta, nikarudi kuketi kabla hajatokea kwenye kona. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Ulikuwa uongo na nilijua ni uongo. Jumapili kanisani, tukifika kwenye kuungama, nilikuwa nauruka huo mmoja, kwa kuwa sikuwa na nia ya kuuacha.

Mara moja tu nilikaribia kushikwa. Kilonzo alitokea mchana nikiwa nimeinamia buti la gari lililokwisha kupitishwa.

"Si mzee amesema hii iko tayari?"

"Natoa vumbi."

"Vumbi gani inatolewa na maji?"

"La Kisauni," nikasema. "Linashika sana."

Simu yake ikalia, akaenda kuijibu. Nikamalizia buti kwa kitambaa kikavu.

Sasa Fundi alikuwa na gari lake mwenyewe. Lilikaa nyuma ya ua chini ya turubai tangu kabla sijafika, saluni ya zamani aliyoinunua ikiwa bodi tupu. Mkewe, Bi Amina, alipomletea chakula alikuwa akimcheka: "Gari za watu zang'aa, la Mbwana lavaa turubai." Alikuwa amemwahidi kumpeleka kwa ndugu zake Mambrui kwa gari hilo, na ahadi ilikuwa na umri wa binti yao wa mwisho, ambaye alikuwa ameshaolewa. Mwaka huo, baada ya Idi, Fundi akalitoa turubai. Akatukusanya akasema gari hili atalifanya peke yake, kuanzia kuosha mpaka rangi ya mwisho, na hataki mkono wa mtu.

"Hata kukushikia ndoo?" nikauliza.

"Hata ndoo, Sidi. Nataka nijue kama bado naweza."

Nikamwuliza atalipiga rangi gani. Akasema nyeusi. Nikamwambia nyeupe ndiyo inayopendeza siku hizi, haipati joto, Bi Amina atasafiri bila kuungua. Nikamwambia nyeusi huonyesha vumbi. Nilimsifia nyeupe wiki nzima mpaka akaniuliza kama nimefungua duka la rangi. Ikabaki nyeusi.

Alisugua wiki tatu, alasiri baada ya kazi. Mimi nilikuwa nikipita mbali nikitazama kwa pembe ya jicho. Wenzake wa zamani wa Likoni na Changamwe walipata habari, wakasema watakuja Ijumaa baada ya sala kuona Mbwana akilipiga lake mwenyewe. Kilonzo naye akasema atakuwepo. Kwao ilikuwa furaha. Kwangu ilikuwa kama kumwona mtu mnayempenda akitembea kuelekea shimo huku anatabasamu.

Ijumaa ile mchana alifuta bodi yote kwa dawa ya kutoa mafuta, akapitisha kiganja kutoka taa hadi taa, akasema tayari. Hakunitazama. Akavaa kanzu, akaenda. Nikafika pale mbio. Nilipofumba macho na kugusa, nilitaka kulia. Boneti ilikuwa na mawimbi matatu. Milango ya kushoto ilikuwa na mabonde. Bahati ni kwamba alikuwa amepiga praima nzito, ile rangi ya chini, kwa hiyo kulikuwa na nyama ya kukata. Nikachukua kibao kirefu na msasa wa namba mia nne, nikafanya kazi kwa kasi ambayo sijaifanya tena, nikiomba hotuba ya msikitini iwe ndefu. Mimi, Mgiriama wa kanisani, nikimwombea imamu apate maneno. Nikasugua, nikakausha, nikafuta kwa dawa, nikapiga magoti kwenye kila mlango. Mwisho nikarudi kwenye boneti kuhakikisha katikati, pale pasipofikika vizuri. Nikaegemea mkono wa kushoto, nikanyoosha wa kulia, nikapitisha leso. Palikuwa pamenyooka kama meza. Nikasikia sauti za watu kwenye geti, nikaondoka.

Asubuhi hiyo, kama kila asubuhi, nilikuwa nimemkanda mama yangu magoti kwa mafuta ya nazi. Mnajua sheria ya Fundi: mwenye kupaka mafuta ya nazi anawe kwa sabuni na majivu mpaka kwenye kiwiko kabla ya kugusa gari, na huku kwetu nani hapaki mafuta ya nazi. Siku nyingine zote nilinawa. Siku hiyo nilikuwa na gari la Fundi kichwani tangu alfajiri, nikapita bomba bila kuliona. Mkono wa kulia ulishinda kwenye maji ya sabuni. Wa kushoto haukuguswa na maji hata mara moja.

Walikuwa kama watu kumi na wawili, wengi wakiwa bado na kanzu. Fundi akavaa ovaroli, akapitisha kitambaa cha kunasa vumbi, akashika bunduki ya rangi. Jambo hili nataka mlijue: mkono uliopoteza hisia bado ulijua kupiga rangi. Alikwenda na kurudi, umbali uleule, mwendo uleule, na weusi ukalala juu ya milango ukatulia. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Mbwana ni yuleyule." Nikashusha pumzi.

Kisha akapiga boneti. Ikang'aa sekunde chache. Halafu katikati rangi ikaanza kujivuta, vishimo vidogo vidogo, kama inakimbia kitu. Kikatokea kidole. Kikatokea cha pili. Mwisho ukakaa pale mkono mzima, kiganja na vidole vitano vilivyotanuka, umeandikwa kwenye rangi nyeusi mbele ya watu wote.

Kilonzo akasogea.

"Hii ni mkono ya nani?"

Pale gereji mkono mdogo kiasi kile ulikuwa mmoja tu. Nilitaka kusema ni wangu, nimeegemea kwa bahati mbaya nikipita, nimemharibia mzee kazi yake. Nikapiga hatua kuelekea boneti.

"Ni wangu," Fundi akasema.

Kilonzo akamtazama viganja. "Mzee, hii ni ndogo."

"Nimekwambia ni wangu." Akaweka bunduki chini, akainua mikono yake miwili ili wote waione. "Hii haisikii kitu. Huu mwaka wa tatu. Kila gari lililotoka hapa, nalipitisha kwa mkono ule." Akanyoosha kidole kwenye boneti. "Bila ya ule, hii milango muisifuyo ingekuwa mabonde matupu. Sidi, ndoo usimame hapa."

"Abee," nikasema. Nikaenda nikasimama kando yake, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kusimama.

Jina lake lote alilolijenga kwa miaka aliliweka chini pale, mbele ya wenzake, ili mimi nisiitwe mharibifu. Wazee walitazama viatu vyao. Mmoja alisogea akamshika Fundi bega. Kilonzo akazunguka gari. Akainama, akatazama ubavu wa kushoto dhidi ya mwangaza, akatazama wa kulia, akarudi akasimama mbele ya boneti.

"Hizi milango zimenyooka," akasema.

"Zimenyooka," Fundi akasema.

"Basi Jumatatu mkuje wote wawili." Akaondoka kwenda ofisini. Nilimheshimu Kilonzo tangu siku hiyo. Hakuivunja sheria yake. Aliitazama tu vizuri zaidi.

Jumamosi asubuhi nilirudi kuirekebisha boneti. Nilinawa mikono mara tatu. Rangi ikishakauka, mahali pa mafuta hapafunikwi. Panasuguliwa hadi chini, panafutwa, ndipo parudiwe praima. Fundi alivuta kigoda, akaketi karibu nami, na kwa mara ya kwanza nikasugua kazi yake mbele ya macho yake. Nilifuta kidole kimoja kimoja cha ule mkono wangu. Nilipofika kwenye kidole gumba nikaanza kulia, nikamwomba radhi kwa miaka mitatu ya kumdanganya.

"Wanidanganya mimi?" akasema. "Ule mlango wa mama wa Nyali. Chai gani ulomwaga, na wewe hunywi chai mchana?"

Nikaacha kusugua.

"Siku ile n'lijua. N'kasema moyoni, mtoto huyu ataka kunisitiri, na mimi nina haja ya kusitiriwa. Lakini kazi yataka muda. Sala ya adhuhuri haimalizi saa. Basi nikisha kusali natoka, nakaa pale barazani kwa msikiti, natazama watu wapitao, nakukadiria. Sasa yuko mlangoni. Sasa yuko kwa buti. Imamu akanisifu siku moja mbele ya watu: Mzee Mbwana siku hizi ana uradi mrefu." Akatikisa kichwa. "Mwenyezi Mungu anisamehe. N'lishika tasbihi, lakini n'lokuwa nahesabu ni msasa wako."

Tulicheka mpaka Bi Amina, aliyekuwa ameleta mkate wa sinia, akatoka nyuma kuuliza kuna nini, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia.

Tukafanya kazi pamoja miaka mingine minne, yeye akisema na mimi nikigusa, mbele ya kila mtu. Mambrui walikwenda, Bi Amina akiwa amefungua kioo njia nzima. Lakini ninachokumbuka zaidi ni Jumamosi ile, boneti ikiwa nusu, adhana ya adhuhuri ilipoanza. Nilinyanyua mikono kwenye maji kwa mazoea, nikajiandaa kukimbiza kazi. Fundi akasimama, akavaa kofia yake, akaniambia nisifanye haraka, leo atasali tu na kurudi. Alirudi kabla maji ya ndoo hayajatulia.